Fyuzi Mfukoni

Karakana yetu ya Industrial Area ilitengeneza mabango, na mimi niliajiriwa kushika ngazi. Mwaka wa pili wakanipandisha juu. Nani aliniuliza kama naogopa urefu?

Kazi iliyonimaliza ilikuwa ya mkahawa mmoja wa mtindo wa Kimarekani, kama ile ya kando ya barabara kuu za kwao: ndani viti vyekundu, juu ya mlango gari la kizamani lililochorwa kwa mirija ya kioo ya taa za neoni, na mshale mkubwa wa kuwaita wapita njia. Mirija yenyewe ilitoka huko huko Marekani, mikongwe kunishinda. Umeme wake ungemkausha mtu akiwa amesimama. Mwenzangu, Mganda mtu mzima aliyenifundisha kazi, alikuwa na sheria moja tu: anayepanda hutoa fyuzi na kuitia mfukoni mwake. Bila fyuzi, bango haliwaki.

Asubuhi moja nilipanda na fyuzi yangu, nikiipapasa kila hatua. Nilikuwa nimefungua waya wa mshale, uko uchi, shubiri moja kutoka kidoleni, gari likawaka. Jekundu, linavuma. Haki ya Mungu! Fyuzi ninayo, sasa huu umeme umetoka wapi?

"Usiguse kitu," mwenzangu akasema kutoka chini, polepole. "Wala usishuke. Naingia."

Nikabaki na ule mvumo, mkono hewani. Nilimwomba Mungu, nikamlaumu mama kwa kunizaa, nikaomba tena. Kisha likazima.

Kumbe meneja wa mkahawa alikuwa na fyuzi ya akiba kwenye droo. Tajiri wake alikuja na wageni, naye akataka waone gari likiwaka. Eti hakujua kuna mtu juu, na ngazi imeegemea dirishani kwake! Mwenzangu alivuta kiti, akaketi mbele ya swichi mpaka nikashuka.

Kesho yake ilikuwa zamu ya mwenzangu kupanda kumalizia mshale. Nikampelekea fyuzi, akaikataa.

"Kaa nayo wewe," akasema. "Na kile kiti ukikalie."

Nikakaa. Meneja alipitapita, chai yangu ikapoa, na juu ya mlango nilisikia nyundo ya mwenzangu ikigonga, ikinyamaza, ikigonga. Kila iliponyamaza, roho yangu ilisimama. Nilidhani hofu yote niliimaliza juu ya ngazi. Haja ndogo ilinibana vibaya sana. Sikuinuka.