Maharagwe Niliyompa Akko

Kabla ya vita vya Shifta, duka letu la mtaa wa Chechelesi halikuwa na chakula cha maana. Tuliweka sukari, majani ya chai, tumbaku na mafuta ya taa, basi. Maziwa yaliletwa mlangoni na mama mmoja Mborana, mtu mzima, niliyemwita Akko, yaani nyanya, kama wajukuu wake walivyomwita. Mimi nilikuwa bibi arusi kutoka Meru, mwenye mdomo, na Akko ndiye aliyenifundisha kunywa maziwa ya ngamia bila kukunja uso.

Vita vilipoanza, serikali ikawafungia wafugaji kambini nje ya mji, ndani ya ua wa miiba, wasiwasaidie waasi. Mifugo ikachukuliwa, mingine ikafa pale pale kwa kukosa malisho. Maziwa yakakatika. Akko akawa anakuja dukani kwa kibali cha saa mbili, mgongoni amembeba mtoto wa marehemu binti yake, kununua sukari ya kumkorogea maji. Kila walipokuja, miguu ya mtoto ilikuwa imevimba zaidi na nywele zimezidi kuwa nyekundu.

Siku moja uvumilivu ukaniisha. Nina hasira za karibu. Nilimnyang'anya ile sukari, nikampimia maharagwe makavu tuliyokuwa tumeanza kuuza.

"Akko, hii itakuulia mtoto! Mpe maharagwe."

Aliyashika, akacheka kidogo. "Hii kitu ni ngumu, mama. Inataka moto siku mzima."

"Basi yapike siku nzima. Kwani kule una kazi gani nyingine?"

Nilimwambia hivyo mtu aliyepoteza ngamia wake wote. Akafunga maharagwe kwenye ncha ya shuka, akaenda. Nami nikajisifu kwa mume wangu, nikamwambia sasa tulete na mboga za mashamba ya Burat, vitu vya kujenga mwili.

Baada ya siku tatu akaja mwanamke mwingine wa kambini, yule mtoto mgongoni mwake. Alitoa salaam, kisha akaniambia Akko hayupo tena. Kambini hakukuwa na kijiti kilichobaki; watu walikuwa wamechoma hata fito za nyumba. Akko aliloweka maharagwe, asubuhi akapenya kwenye ua kutafuta kuni, na askari wakampiga risasi.

"Tulimwambia aache," mwanamke akasema. "Yeye nasema, mama ya duka amesema sukari itaua mtoto."

Nilikaa sakafuni nikalia mbele ya wateja. Siku hiyo hiyo nikabandika sufuria uani, na tangu hapo watu wa kambi walipata kwetu maharagwe yaliyoiva. Mtoto alikula, akapona. Watu wakanisifu kwa moyo mwema.

Lakini kuni nilizompikia mtoto zilikuwa pale pale nyuma ya duka, zimepangwa hadi kwenye paa, siku niliyomwacha Akko aende na maharagwe makavu.