Saini Nilizomkusanyia Shoga Yangu

Nilikuwa na fremu ya steshenari upande wa Gerezani, ndogo kiasi kwamba wateja wawili wakiingia, mimi natoka. Nilitoa kopi, nilichapa barua, na zaidi niliwajazia watu maombi ya mtandaoni: ya vyuo, ya mikopo, ya ajira. Intaneti yangu ilikuwa bando la simu. Mchana mtandao ukielemewa tulikaa mimi na mteja tukitazama kiduara kinavyozunguka, na maombi yanafungwa siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo shoga yangu aliponiletea habari za mkongo wa intaneti, nusura nimbebe. Tulikaa dawati moja tangu shule ya msingi. Msiba wa mama yangu, yeye ndiye aliyelala kwetu wiki nzima. Sasa alikuwa ameajiriwa na mkandarasi aliyepewa na serikali kazi ya kulaza nyaya za intaneti Kariakoo, na alitakiwa kupata ridhaa ya wenye nyumba kabla ya kuchimba mtaro.

"Mimi hawanijui," aliniambia. "Wewe wanakuamini. Waambie kila nyumba unapopita mtaro itaunganishwa."

"Kila nyumba?"

"Kila nyumba, shoga. Nikudanganye wewe ili iweje?"

Nikapita mlango kwa mlango na fomu zake. Wengi walisaini wakiwa wamesimama. Waliosita ni majirani zangu wa ukutani, mzee wa Kihindi na mkewe, wauza vyombo, wote wazaliwa wa mtaa huo. Mbele ya duka lao palikuwa na sakafu nyekundu, laini, na kila sikukuu ya Diwali mama yule alipiga magoti pale akachora maua kwa unga wa rangi. Watu walizunguka wasiyakanyage.

"Wakivunja, watarudishia?" mzee aliuliza.

"Watarudishia, mzee. Mtu wangu kaniambia."

Mkewe akachukua kalamu. "Huyo mtu wako hatumjui, mwanangu. Tunakujua wewe."

Akasaini.

Mtaro ulichimbwa kwa siku chache. Nyaya zikalazwa, na pale mlangoni kwa wauza vyombo, badala ya ile sakafu nyekundu, wakamwaga zege la kokoto, bila hata kulilainisha. Wakaondoka. Tukasubiri watu wa kuunganisha. Wiki zikapita. Shoga yangu akawa hapokei simu, nikamfuata ofisini kwake Msimbazi.

Ukutani nyuma yake palikuwa na ramani. Mstari mwekundu ulipita mtaani kwetu moja kwa moja, bila kuingia nyumba hata moja, ukaishia kwenye ghorofa jipya la kona.

"Hii ramani ya lini?"

"Ya tangu mwanzo," alijibu, macho kwenye makaratasi. "Nyie mtafikiriwa awamu nyingine."

"Kwa hiyo ulijua."

Hapo ndipo aliponitazama. "Ningekwambia ukweli, ungenikusanyia saini?"

Nilitoka nikatembea mpaka Gerezani kwa miguu, jua la saa nane, nikitafuta maneno ya kuwaambia watu. Niliwaeleza mmoja mmoja. Wengine walicheka, wengine wakaniuliza kama na mimi nilipewa changu. Kwa wauza vyombo nilienda mwisho.

"Na wewe ulidanganywa?" mama aliniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi pole."

Heri angenitukana. Kesho yake nilimleta fundi alainishe lile zege, lakini mzee alisimama mlangoni akamzuia. "Aende tu. Nitatafuta wangu."

Hakutafuta. Diwali ilipofika mama alichora ndani, kati ya masufuria, maua madogo nisiyoweza kuyaona vizuri nikiwa nje.

Shoga yangu sijaonana naye tena. Mzee namsalimia kila asubuhi, na shikamoo yangu anaiitikia. Ila akiwa na karatasi ya kutoa kopi, ananipita, anavuka barabara na fimbo yake, anaenda kwa mwingine.