Muuza maua anayekuuliza kwanza kama una mbwa

Saa mbili kasoro asubuhi, muuza maua anamwagilia vyungu vyake vilivyopangwa kando ya ukuta wa posta. Mteja wa kwanza, dada mwenye haraka ya kuwahi kazini, anaokota chungu cha mshubiri.

"Nyumbani una mbwa?" anaulizwa kabla hata salamu haijaisha.

"Mbwa? Nimekuja kununua mmea, mama!"

"Najua, mwanangu. Una mbwa?"

Anaye, tena wawili. Muuza maua anamwambia basi auweke juu ya kabati, mbali kabisa na midomo yao. Dada anacheka, anarudisha chungu na kuondoka mikono mitupu.

Wauzaji wenzake wamempachika muuza maua jina la Mama Una-Mbwa. Mshona viatu wa jirani hakomi kumtania. "Huyu mama anafukuza wateja kwa mdomo wake mwenyewe," anasema. "Katika kumi wanaoulizia mshubiri, wanne wanamkimbia."

Mama huyu wa miaka hamsini na mmoja habishi. Maua ndiyo yaliyosomesha binti zake wawili, na mshubiri unatoka kuliko mimea yote. Lakini kuna kosa linalomuuma mpaka leo.

Mwaka jana, fundi cherehani mstaafu wa mtaa wa nyuma alijiunguza kwa pasi, akaja kununua mshubiri wa kupaka. Tangu afiwe na mkewe, mzee huyo anaishi na mbwa wake tu. Aliuliza waziwazi: mbwa wangu anatafuna kila kitu, hautamdhuru?

"Nikamcheka," anasema muuza maua. "Nikamwambia, baba, hiyo ni dawa, itamdhuru vipi? Wanangu wote nimewapaka. Sikujua, ila nilijibu kama ninayejua."

Siku ya tatu mzee alirudi na chungu, nusu ya majani yametafunwa. Alikiweka mezani na kusema mbwa yuko kwa daktari, anatapika na kuharisha.

Muuza maua alifunga biashara siku mbili, akaenda kwa daktari kukaa na mbwa mgonjwa na kumpangusa mdomo. Daktari wa mifugo ndiye aliyemweleza kuwa ute wa mshubiri unaweza kumfaa mtu kwenye ngozi, lakini utomvu wa manjano ulio chini ya ganda humvuruga mbwa tumbo. Mbwa alipona. Mzee hakurudi tena kununua kitu.

Siku hizi, mimea inayodhuru mbwa ina utepe mwekundu kwenye chungu. Asiyoijua, anasema haijui.

"Kusema sijui kulinishinda miaka yote," anakiri.

Nyuma ya kiti chake kuna chungu kimoja kisichouzwa, cha mmea wa majani membamba yenye mstari mweupe. Daktari alimhakikishia kuwa huo hauna sumu kwa mbwa. Ameulea miezi saba kwa ajili ya yule mzee, ila anaona aibu kumpelekea.

Saa tatu, mzee anapita ng'ambo ya barabara na mbwa wake. Mbwa anamwona muuza maua, anatikisa mkia, anavuta kamba hadi mzee anayumba. Mzee anasimama, anaangalia upande wa vyungu, kisha anaendelea na safari yake.

"Jana hakusimama," anasema muuza maua, akikitoa kile chungu nyuma ya kiti na kukiweka mbele kabisa. "Mbwa ameshanisamehe. Bado mwenyewe."