Wewe ni Mama Nani?

Mpaka leo nikiona alama ya umri kwenye kasha la filamu, mwili unanisisimka. Wengine wanaona namba tu. Mimi namwona mzee mmoja wa Kabungu amesimama kwenye mlango wa ukumbi wa parokia, anawauliza wasichana wa umri wa mdogo wangu, "Wewe ni mama nani?"

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, Mpanda ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Ulikuja mradi mmoja wa afya na kamera ya video. Kikundi chetu cha vijana wa kanisani tulikuwa tunaigiza kila Pasaka na kila Krismasi, kwa hiyo tukapewa kazi ya kutengeneza filamu ya kuwaonya wasichana wa shule juu ya wanaume wenye zawadi nyingi. Hadithi niliitunga mimi. Msichana wa darasa la saba anapewa lifti na soda na mnunuzi wa tumbaku, anapata mimba, anafukuzwa shule, na yule mwanaume anamkana hadharani stesheni kisha anapanda treni na kwenda zake.

Msichana huyo aliigizwa na mdogo wangu, ambaye naye alikuwa darasa la saba. Mama alikubali kwa sharti moja: mwanaume wa kumshika mkono awe binamu yetu wa damu. Basi binamu akavalishwa miwani ya jua na koti la kuazima, akageuka tajiri. Tulipiga picha vipande vipande, siku mwanga ukiwa mzuri na kamera ikiwa huru. Kipande cha stesheni tulikipiga binamu akiwa peke yake mbele ya kamera, mdogo wangu yuko darasani, kwa hiyo hakukiona.

Nilitaka sana akione. Kulikuwa na mnunuzi wa tumbaku wa kweli, asiye binamu wa mtu, aliyekuwa ameanza kumsimamishia pikipiki njiani. Nilikuta chupa za soda chini ya kitanda chake. Nilipomuuliza akanijibu kwa upole, "Dada, huyu ana heshima. Si kama yule wa kwenye igizo." Nikamweleza hadithi inavyoisha. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza matangazo ya vifo ya watu asiowajua. Nikajua maneno yangu hayatoshi, lazima aone kwa macho yake.

Filamu ilipokamilika, mgeni wa mradi kutoka Dar akatuitisha kikao. Alisema filamu haionyeshwi hivi hivi, lazima ipangiwe umri. Akatueleza kwamba wanaofanya kazi hiyo huitazama mwanzo mpaka mwisho, wakaangalia damu, matusi, mapenzi na vitisho, kisha wakaamua: hii ni ya watu wote, hii mtoto aangalie na mzazi, hii hadi mtu awe mkubwa. Mwisho akasema neno ambalo hakuna aliyelishika isipokuwa mimi, kwamba kabla ya kuogopa nani ataona, tujiulize nani anahitaji kuona.

Wazee wa kamati wakaanza kuhesabu makosa. Damu hakuna. Tusi hakuna. Mapenzi ni binamu kashika mkono. Lakini nesi ndani ya filamu alitamka neno kondomu, tena kwa sauti, na mdogo wangu alionekana na tumbo la vitenge vilivyokunjwa.

"Mimba si kitu cha mtoto kuangalia," katekista akasema.

"Lakini katika hadithi mtoto ndiye aliyeibeba," nikasema.

"Ndiyo maana ni vibaya."

Nilitaka iwe miaka kumi na miwili. Nilibishana nao sana, na wakanisikiliza kwa adabu kubwa, ile adabu ya watu walioshaamua. Ikaandikwa kwa chaki kwenye ubao wa ukumbi: chini ya miaka kumi na minane marufuku. Tulikuwa tumetengeneza dawa, tukaifungia kabatini mgonjwa asiione.

Hapo likaja swali la mlangoni. Umri wa mtu utaujuaje? Vyeti vya kuzaliwa vilikuwa vya wachache. Kadi ya ubatizo inasema ulibatizwa lini, na kwetu kuna watu waliobatizwa tayari wana ndevu. Kushika sikio kwa mkono unaopitishwa juu ya kichwa kulitosha kwa kuandikishwa darasa la kwanza tu. Wakamleta mzee mmoja kutoka kijiji cha Kabungu makusudi, asiye na ndugu mjini, asije akapendelea. Yeye akasema tusihangaike, mtu mzima anajulikana.

Jumapili baada ya misa ya pili, jenereta likawashwa, madirisha yakazibwa kwa mablanketi, televisheni ikawekwa juu ya meza. Nilikuwa karibu na mlango nikipanga mabenchi, na ndipo nilipomsikia.

"Wewe ni mama nani?"

Msichana mwenye mtoto mgongoni akajibu, akaingia. Wa nyuma yake, mrefu kumpita, hakuwa na jibu. Akarudishwa. Nilidhani sijasikia vizuri. Nikasogea. Akaja mwingine mwenye kichanga, mdogo wa sura kabisa, akapishwa kwa heshima: "Karibu mama." Waliokwisha kuumia walikuwa wanaingia kuonywa. Wale ambao bado hawajaumia walikuwa wanafukuzwa.

Nikamwambia mzee kwamba hiyo siyo maana ya kumi na minane. Akanitazama kwa huruma. "Binti yangu, mwenye mtoto utamwitaje mtoto? Nyie mliosoma mnachanganya mambo." Nikamtafuta katekista kwa macho. Alikuwa mbele, anapambana na waya za jenereta.

Zamu ya mdogo wangu ikafika. Akarudishwa. Akasema yeye ndiye yumo ndani ya filamu. Mzee akacheka, akamwonyesha njia.

Nyuma yake alikuwa msichana aliyekuwa akikaa naye dawati moja mpaka mwaka uliotangulia, alipofukuzwa shule kwa ujauzito. Mtoto wake alikuwa mgongoni. Yeye angeingia bila neno. Akamvuta mdogo wangu pembeni, akafungua kanga, akamtoa mtoto, akamfunga mgongoni mwa mwenzake.

"Ingia wewe," akamwambia. "Mimi mwisho wake naujua."

Mdogo wangu akarudi kwenye foleni. Mzee hakumtazama usoni, alitazama mgongo.

"Mama nani?"

Akataja jina la mtoto wa mwenzake bila kigugumizi. Siku hiyo ndipo nilipoamini kwamba mdogo wangu anajua kuigiza. Akakaa benchi la mbele, na kipande cha stesheni kilipofika, binamu akasema kwa sauti, "Huyu simjui." Mdogo wangu akaweka mkono mdomoni, hakuutoa mpaka taa zikawaka.

Mimi sikuona vizuri. Nilikuwa natazama nje kupitia upenyo wa blanketi. Waliorudishwa walikuwa wanacheza rede uwanjani, na yule msichana alikuwa katikati yao, kanga kaifunga kiunoni, anaukwepa mpira, anacheka kwa nguvu. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu afukuzwe.

Watu walipotoka, mdogo wangu alimrudishia mtoto wake. Yule msichana akafuta vumbi mikononi, akajifunga mtoto mgongoni, akapita mbele ya mlango akielekea nyumbani. Mzee akamwona, akamwonea huruma.

"Pole mama," akamwambia. "Umechelewa. Imeshaisha."