Roboti Zilizosikika Ng'ambo ya Ukuta

Mwanamume wa umri wangu, mwalimu wa hesabu, ndevu zimeanza kuota mvi, hapaswi kuhangaikia katuni. Najua. Mke wangu amenikumbusha mara nyingi, na wanafunzi wangu wakigundua, basi nimekwisha. Lakini nilipokuwa chuo cha ualimu nilitazama mfululizo mmoja wa Kijapani wa roboti kubwa kama ghorofa, na msichana aliyeendesha mojawapo akiwa amekaa ndani ya kifua chake. Nilitoka Werugha, kule milimani, nikijua kabeji, ukungu na ng'ombe wa maziwa. Sikujua kwamba picha za kuchorwa zingeweza kuniliza mbele ya wenzangu bwenini. Waliniita majina ya kejeli hadi tukamaliza chuo.

Kwa hivyo nilipopata habari kwamba mfululizo wa pili umetoka, nilinunua bando, nikaupakua wote, nikaingoja likizo kama mtoto. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili hapa Voi, katika ploti ya vyumba vilivyojipanga mstari mmoja, na kila jioni kabla giza halijaingia nilikaa mbele ya runinga kutazama sehemu moja.

Niseme ukweli, mwanzo ulinikera. Watoto wapya walikuwa wengi mno, wote wa nywele za rangi, wote wanapiga kelele. Roboti zenyewe zilikuwa zimechorwa na kompyuta, laini, hazina uzito. Zile za zamani zikiinua mguu ulihisi chuma kinaumia. Hizi zilirukaruka kama panzi, kisha zikaongezewa mshindo wa bomu kwa kila hatua ili tuamini ni nzito. Nilibishana na mashabiki wenzangu mtandaoni kuhusu jambo hilo kwa hasira ambayo sijawahi kuipeleka kwenye kikao cha walimu.

Ila kulikuwa na kitu kimoja kilichonishika. Yule msichana wa kwanza alikuwa amerudi akiwa mama mtu mzima, na macho yake yamekufa kwa mwanga wa tanuri la roboti yake. Aliishi kwenye kituo cha kale pamoja na wale vijana wapya, akipapasa kuta. Hakuna aliyemsikiliza.

Wakati huohuo mama mkwe wangu alikuja kutoka Mraru kutibiwa. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, na kliniki ya macho ya hapa Voi ilikuwa imempa nafasi ya upasuaji. Sisi Wadawida, watu wa milimani, pia tunawaheshimu wakwe, lakini yeye ni Mkamba wa zamani na heshima hiyo ameishika kwa mikono miwili. Hawezi kulala nyumba moja na mume wa binti yake. Hawezi kula nami, wala kusema nami uso kwa uso. Likiwepo neno, hupitia kwa mke wangu. Kwa bahati chumba cha jirani kilikuwa kitupu, tukamlaza huko. Alipokuja kwetu kula, mimi nilitoka nje nikakaa kando ya tangi la maji na vitabu vya kusahihisha mapajani. Majirani walifikiri nimefukuzwa.

Ingekuwa siku chache tu ningevumilia vizuri. Lakini kila alipopelekwa kliniki presha yake ilikuwa juu, wakamrudisha. Siku zikaongezeka. Upepo wa Voi ukanijaza vumbi pale tangini. Jioni moja nikaingia ndani, nikakuta sahani yangu imepoa na saa yangu ya roboti imepita, nikasema kwa sauti ya darasani, "Nimechoka sasa. Mama yako ataenda kwao lini?"

Mke wangu alichukua sahani akaenda kuipasha moto.

Kesho yake mama mkwe akasema hataki tena upasuaji. Arudishwe Mraru, mbuzi zake zinateseka, na macho haya aliyonayo yanamtosha. Mke wangu alimbembeleza, akalia, wapi. Mimi, niandike tu kama ilivyokuwa, nilifurahi. Nilienda stendi kuulizia gari.

Niliporudi nilifungua sehemu inayofuata. Ilipokwisha, mke wangu aliingia kutoka chumba cha jirani, uso haueleweki.

"Mama anauliza yule msichana wa sauti nyembamba alipona ama alikufa."

"Msichana gani?"

"Wa roboti zako. Anafuatanga sauti kila siku, hata kama lugha haielewi. Anasema nyinyi mnadanganya, kitu kikubwa hakipigi kelele hivyo. Kwake ndovu huingia shambani na usimsikie, usikie tu ua likivunjika."

Nilianza kucheka, kwa sababu hilo ndilo nililokuwa nikiwaambia wale wa mtandaoni. Halafu nikainua macho. Ploti yetu haina dari. Ukuta kati ya vyumba hauyafikii mabati, umeacha nafasi ya kupitisha mkono, na nafasi hiyo imekwenda mstari mzima, chumba hadi chumba. Ikiwa alisikia msichana wa sauti nyembamba, alisikia na mwalimu wa hesabu.

Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Nilizima runinga. Mke wangu alinitazama akajua nimeelewa, na hakunihurumia.

"Sasa umejua kwa nini anataka kwenda," akasema.

Ningekuwa nimemkosea mtu mwingine, ningeenda kumwomba msamaha. Huyu ningemwendea vipi? Kusimama mbele yake tu lingekuwa kosa la pili. Na kumtuma mke wangu aseme "mume wangu anasema pole kwa kukuchoka" ni kurudia tusi lilelile kwa upole. Nilichokuwa nacho ni ukuta ule na roboti.

Basi jioni iliyofuata nilianza kusimulia. Nilijifanya namweleza mke wangu, kwa kuwa Kiingereza cha pale chini ya picha kinapita haraka. Sauti niliielekeza juu, penye nafasi. "Sasa wamefika kwenye daraja," nikasema. "Roboti ya bluu imepoteza mkono. Yule mama asiyeona amesimama mlangoni, anawaambia wasivuke." Ng'ambo ya ukuta kitanda kililia, mama mkwe akisogea karibu. Siku ile hakutaja Mraru. Wala siku iliyofuata.

Kisha nikafikia ile sehemu ya katikati. Mashabiki wote wanaisifu, na kama mtazamaji nakubaliana nao: ndipo waandishi walipoacha woga. Kituo kinaungua. Vijana wanaingia kwenye roboti zao. Yule mama anawachelewesha, na kijana mkubwa anageuka, anamtazama, anafunga mlango. Muziki unazimwa. Anabaki akipapasa ule mlango kwa nje, na hata haiti. Ni dakika bora kuliko zote katika mifululizo yote miwili.

Mimi nilinyamaza. Mkono wa yule mama ulikuwa mkubwa pale kwenye kioo cha runinga. Nilisikia ng'ambo ya pili mtu amezuia pumzi.

"Wamembeba," nikasema. "Kijana mkubwa amerudi, amembeba mgongoni."

Mke wangu, anayesoma Kiingereza vizuri kuliko mimi, alinigeukia mdomo wazi. Nikamwomba kwa macho. Akageukia tena runinga.

Uwongo ule ulinipa kazi. Katika vita vyote vilivyobaki yule mama hakuwepo, na mimi ilibidi nimtafutie mahali. Nilimweka nyuma ya kiti cha rubani. Nikampa kazi ya kusikiliza, kwa kuwa macho hana, na akawa ndiye anayewatambua maadui kabla ya mitambo. Mama mkwe alicheka mara moja, kicheko kifupi, nikajisikia kama nimepandishwa cheo. Na wiki ile presha ilishuka. Alipelekwa kliniki akakubali. Alimwambia mke wangu kwamba ikiwa yule mwingine amepanda chuma na macho mabaya, yeye hawezi kushindwa na kitanda cha daktari.

Upasuaji ulienda vizuri. Alipofunguliwa jicho la kwanza na kuruhusiwa kutazama, ombi lake lilikuwa moja. Anataka kuona yule mama akibebwa.

Nilienda tangini bila kitabu chochote. Dirisha lilikuwa wazi. Mke wangu alimsomea maandishi kwa Kikamba, moto ukavuma, nyayo zikapiga mshindo, kisha muziki ukazimika. Mke wangu akaacha kusoma. Niliangalia viatu vyangu.

"Wamemwacha," mama mkwe akasema kwa Kiswahili, na nikajua kwa nini ni kwa Kiswahili: nisikie nami pale nje.

"Ndiyo, mama," mke wangu akasema.

"Nilijua. Mwalimu alinyamaza kwanza." Kisha akaongeza, "Zima. Zilizobaki atanisimulia yeye."

Jioni ile nilikaa mahali pangu, runinga nimeiwasha, sauti nimeipunguza. Sikuwa na ujasiri. Kila sentensi niliyoipanga ilikuwa uwongo ambao sasa wote watatu tuliujua. Mke wangu alinisukuma kwa kiwiko.

"Yule mama," nikaanza, "bado yuko nao. Wanapita jangwani. Kijana bado amembeba."

Ng'ambo ya ukuta kitanda kililia. Halafu sauti ikapita juu pale, si kwa binti yake, kwangu, kwa mara ya kwanza tangu nioe.

"Hajachoka?"

Nilijifunika uso kwa mikono, ingawa hapakuwa na mtu wa kuniona isipokuwa mke wangu.

"Hajachoka, mama," nikasema.