Mkaguzi Akija, Mwonyeshe Ndoo Yako

Siku ile naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu, maana samaki wa Papa Mukendi hawasahauliki upesi. Kaa nikusimulie, na ufute hicho kicheko usoni. Najua mimi nina miaka kumi na saba na wewe kumi na miwili. Najua pia kwamba mwalimu wa hisabati ananitafuta. Lakini uzee ni kuona mambo, na mimi nimeona friza likivuka barabara juu ya toroli la supamaketi. Wazee wangapi wa hapa Fordsburg wameliona hilo?

Zilikuwa enzi za ujana wangu, yaani likizo ya Desemba iliyopita. Mama mdogo Mwanaidi, aliyenilea tangu nikiwa mdogo kuliko wewe, aliamua kwamba kijana hawezi kulala mpaka saa sita mchana huku nyumba inakula. Akanichukua kazini kwake. Kazi yake ni ukaguzi, na ni ya kujitegemea, hana bosi wala ofisi. Makampuni humtumia maelekezo kwenye simu: nenda duka fulani, hakikisha kweli lipo, piga picha, jibu maswali, tuma. Ukienda unalipwa, ukilala umelala. Asubuhi yuko Kensington, mchana Braamfontein, jioni huku kwetu, na katikati ni mabasi na miguu. Mimi nilishika ncha ya pili ya futi ya kupimia, na nikaongea Kizulu na walinzi wa milangoni.

Nilidhani ni kazi ya wavivu. Niliwaambia rafiki zangu kwamba mama mdogo analipwa kwa kushangaa maduka, na mimi ni naibu mshangaaji.

Basi jioni moja, tunakula, akasema, "Kesho tunaanza kwa Bi Zuhura. Kampuni ya vinywaji inataka kujua kama ana friji."

Bi Zuhura ni mama wa Kitanga mwenye kaduka ka soda na sambusa mtaa wa pili kutoka kwetu. Soda zake alizipoza kwenye ndoo ya bluu yenye barafu ya kununua. Joto la Desemba unalijua. Ikifika saa tano barafu imekuwa maji, na saa saba maji yamekuwa uji. Mteja anagusa chupa, anakunja uso, anavuka kwenda duka la ng'ambo. Mwaka mzima alikuwa akiomba kampuni hiyo ilitambue duka lake. Na mimi, mwanangu, nimekula sambusa za mama huyu tangu darasa la kwanza, na sijawahi kuulizwa hela. Kwa hiyo nilipoisikia habari ile, niliumaliza wali wangu kama ninafukuzwa, nikakimbia kwake.

"Shikamoo Bi Zuhura. Kesho unakaguliwa. Friji unalo?"

"Marahaba. Nina ndoo, unaijua. Barafu yake umeinyonya sana."

"Eish. Ukikutwa na ndoo umekwisha. Wataandika hana friji, wakufute."

"Nani kasema?"

"Mimi. Naibu mkaguzi."

Angekuwa mtu wa kwingine, labda angenifukuza. Lakini kwao Tanga mgeni haikuti nyumba kavu. Ikisikika anakuja, sahani za maua zinaazimwa kwa huyu, mkeka mpya kwa yule, na jirani hakatai, kwa sababu mgeni wa kesho ni wake. Bi Zuhura alitazama ng'ambo ya barabara, kwa Papa Mukendi, Mkongo anayeuza samaki wa barafu, akavuta mtandio wake vizuri. Nilijua tayari tumeshaazima.

Asubuhi Papa Mukendi alikubali kwa sharti moja. "Friza mutabeba. Lakini samaki yangu inabaki mu ndani. Nikiitosha inje, itaoza, na wewe mutoto utaikula yote."

Tukalipandisha juu ya toroli, mimi na mwanawe, tukasukuma. Robot, yaani taa za barabarani, ikawa nyekundu tukiwa katikati ya barabara. Dereva mmoja wa teksi alitoa kichwa dirishani akatuuliza kwa Kizulu maiti ni ya nani. Nikamjibu ni ya babu, alipenda baridi. Nilijiona mjanja kupita kiasi. Nikarudi nyumbani, nikanawa uso, nikatoka na mama mdogo kama ndiyo kwanza naamka.

Dukani, Bi Zuhura alikuwa amelifunika friza kitambaa cha kufumwa na kuweka maua ya plastiki juu yake. Mama mdogo akapiga picha ya mlango, ya rafu, ya kibao cha jina. Akafika kwenye friza. Akavuta pumzi kwa pua, taratibu.

"Bi Zuhura, friza hili ni lako?"

"Langu."

Akashika simu, kidole kikabaki hewani. "Nasema hivi, la hapa hapa dukani? Lako mwenyewe?"

"Langu, mwanangu. La siku nyingi."

Mama mdogo hana kawaida ya kuuliza jambo mara mbili. Nikaona anavuta pumzi ya swali la tatu. Hapo hapo akaingia Papa Mukendi na mteja wake nyuma. Akaondoa maua, akakunja kitambaa vizuri, akafungua friza, akatoa samaki wawili, akampa mteja, akafunga, akarudisha maua.

"Endeleeni," akasema, akatoka.

Mama mdogo akamgeukia Bi Zuhura.

"Huyo ni... mshirika wangu," alisema Bi Zuhura.

"Mama mdogo, si lake," nikasema. "Nililileta mimi."

"Nyamaza. Jana uliniambia waziri amekuja kununua sambusa hapa."

Hayo ndiyo malipo ya mcheshi, mwanangu. Ukweli wangu wa kwanza likizo nzima ulipokelewa kama mzaha. Na mama mdogo akaongeza, bila ukali, "Tena mwenye duka si wewe. Mimi naandika ninachokiona na anachoniambia mwenyewe. Bi Zuhura, nauliza mara ya mwisho, halafu natuma."

Nikamgeukia Bi Zuhura. Sikuwa na mzaha wowote mfukoni. "Bi Zuhura, mwambie. Niliyokuambia jana niliyatunga mimi. Mimi si naibu wa kitu."

Yule mama alikaa juu ya kreti la soda. Akatazama sakafu, akanitazama mimi, akamtazama mama mdogo. "Sina friji," akasema. "Nina ndoo. Barafu nanunua."

"Nionyeshe."

Akaivuta kutoka chini ya meza, akitaka kuifuta kwanza kwa pindo la kanga. Mama mdogo akamwambia aiache kama ilivyo. Akaipiga picha mbele, akaipiga kwa juu barafu ionekane inavyoyeyuka. Aliipiga kwa heshima, kama bibi harusi. Kisha akaandika, akatuma, akaaga. Bi Zuhura alitupa sambusa za njiani, na mkono wake ulikuwa mzito. Alijua duka lake limekwisha. Mimi pia nilijua hivyo.

Tulipofika kona, mama mdogo akasimama. "Unajua kampuni ile inatafuta nini? Inagawa mafriji. Inampa mwenye duka asiye nalo. Mwenye nalo anapitwa."

Nilishika nguzo ya taa.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nikimwambia yeye, kesho Fordsburg nzima itaficha mafriji uani na kupanga ndoo milangoni. Wanaonipa kazi hawanijui sura, wananijua kwa neno langu. Siku nikiandika kisichokuwepo, simu hii hailii tena, na ndiyo inayolipa ada yako. Na wewe, maneno ya mezani kwangu umeyafanya karanga za kutafuna mtaani. Ulitaka kumsaidia?"

"Ndiyo."

"Basi siku nyingine msaidie kubeba barafu."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Tukatembea mpaka kituo cha basi, naye akanikatia sambusa yake nusu, kubwa kuliko nusu aliyobaki nayo.

Friji lilikuja kabla shule hazijafunguliwa. Refu, la kioo, lina taa ndani. Bi Zuhura alisimama mbele yake akafungua na kufunga, akafungua na kufunga, mpaka mimi nikamwambia atamaliza ubaridi. Akanipa soda. Ilikuwa baridi mpaka meno yaliniuma, na sijapata kunywa soda tamu kama ile. Ndoo yake aliniachia mimi. Unayoikalia sasa hivi ndiyo hiyo.

Mwanangu, wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Mimi nimeongeza kwamba friza la kuazima linanuka. Tena walisema mficha uchi hazai. Zamani nilidhani methali hiyo ni ya kuchekea nyuma ya darasa, kumbe ni ya Bi Zuhura na ndoo yake. Ukiulizwa una nini, sema ulicho nacho. Pengine anayeuliza amebeba kile unachokikosa, na uongo wako ndio utakaomrudisha nacho. Ukisikia siri ya kazi ya mtu mezani, imeze na wali. Na mzaha fanya, sitakukataza, nitakuwa mnafiki. Ila uwe na akiba ya siku za kweli, watu wajue kuzitofautisha.

Mimi namshukuru Mungu kwa mama aliyeuliza mara tatu, na kwa mwingine aliyekubali kuonyesha ndoo. Akupe na wewe jicho linaloona kilichopo, ulimi usiokimbia mbele ya akili, na watu wa kukuuliza mara ya tatu kabla hawajatuma. Akupe soda baridi mchana wa Desemba. Amina. Sasa simama, mwanangu, nipe ndoo yangu, Bi Zuhura anataka kupiga deki na nimeahidi kumsaidia.