Mama na Muvuvi wa Dawa

Sikupata usingizi. Nikimwambia Chanda, rafiki yangu wa chuo, habari za Yesu, je, ataniona mjinga? Urafiki utaisha? Asubuhi, sokoni Nchelenge, nilipita karibu na chisense zilizoanikwa, na harufu ya samaki wale wadogo ikanirudisha utotoni.

Mchana mmoja mimi na Mama tulikuwa tunageuza chisense zetu mchangani kando ya ziwa, jua kali. Muvuvi mmoja alikuwa anafunga dawa ya mganga kwenye wavu wake. Mama akamsogelea.

"Baba, hauna lazima na ile dawa. Yesu anakupenda."

"Ah, mama! Yesu yako anajuaka kuvuta wavu?"

Wenzake walicheka mpaka wakashika mitumbwi. Mikono ya Mama ilitetemeka. Nilidhani ni malaria, nikamkimbilia na kitenge.

"Mama, unasikia baridi?"

"Hapana, mutoto yangu. Ngoja kwanza, siyamaliza."

Akamgeukia tena yule muvuvi.

Sasa najua ulikuwa woga, na Mama hakungoja uishe. Mimi nimengoja woga wangu uishe tangu chuo. Leo saa kumi nilienda kwa Chanda, na kabla hajanipa kiti nikaanza kumwambia.